Cheo na Mshahara Havishibishi Moyo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, na kupigwa chapa kwa ombi la Halmashauri.)



Tulipoombwa na Halmashauri kunena maneno machache jioni hii, tulifikiri kwanza kusema juu ya taratibu za kazi, maana ndizo tuzijuazo. Lakini tulipozitazama nyuso za wenzetu mwisho wa mwezi, na wetu wenyewe katika kioo, tuliona kuwa liko jambo lililo karibu nasi kuliko taratibu za ofisi, walakini hatulisemi. Nalo ni hili: kwa nini mtu aliyekwisha kupata alichokitafuta bado hana raha? Twataka kulijibu kwa imani ya Kikristo, kwa kuwa ndiyo imani yetu sisi tunaosema. Ndugu zetu Waislamu waliomo katika Chama hiki watatuwia radhi. Tena twadhani mengi ya haya watayatambua, kwa sababu nao wamefundishwa kwamba dunia ni ya kupita.

Yafaa tuanze na habari zetu wenyewe, ili mtu asidhani kwamba twawachapa wengine kwa fimbo ambayo sisi hatujaionja. Kwa miaka kadha wa kadha tulingojea barua ya kupandishwa daraja. Nyumbani tulikuwa tukisema, "Barua ikija, tutapumzika." Barua ikaja. Siku ile tulifurahi kweli. Kuku akachinjwa, na majirani wakaja kutupa mkono. Baada ya juma mbili tulikuwa tumekwisha kuizoea. Mwezi wa tatu ile nyongeza ilikuwa ikigawanyika kabla haijafika mkononi: ada ya shule ya watoto wa ndugu, deni la dukani, kodi ya nyumba iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza, na nguo zinazostahili cheo kipya. Na kabla ya mwaka kwisha tulikuwa tukilitazama daraja la juu yake, na kusema maneno yale yale, "Tukifika pale, tutapumzika."

Hapo ndipo tulipoanza kujiuliza. Serikali haikutudanganya. Barua ilitoa vyote ilivyoahidi, yaani cheo na fedha. Raha ya moyo haikuandikwa ndani yake. Sisi wenyewe ndio tulioiongeza kwa kalamu yetu.

Wenzetu, lugha yetu yaweza kutusaidia hapa, kwa kuwa inayo maneno matatu ambayo mara nyingi twayachanganya. Liko neno raha, liko furaha, na liko heri. Raha ni ya mtu aliyepata kivuli baada ya jua, au kiti baada ya safari. Furaha ni ya moyo uliofikiwa na jambo jema, kama mtoto akizaliwa, au ndugu akirudi salama. Nayo huja na kwenda kama mvua. Heri ni hali ya mtu aliye mahali pake mbele ya Mungu, nayo yaweza kukaa katika nyumba moja na machozi. Bwana wetu Yesu alipoketi mlimani kuwafundisha watu, hakuwataja wenye vyeo kuwa ndio wenye heri, wala hakuwataja wenye ghala zilizojaa. Aliwataja maskini wa roho, na wenye huzuni, na wapole, na wenye kiu ya haki. Kosa letu ni kwamba twakitumia cheo, ambacho chaweza kutupa raha kidogo na furaha ya siku chache, tukitumaini kitatupa heri, nacho hakina.

Wahenga wa pwani walisema, "Ulimwengu mti mkavu, kiumbe usiuelemee." Tuangalie vizuri walivyosema. Hawakusema kwamba mti huo ni mbaya, wala hawakutuamuru kuukata. Mti mkavu una kazi yake. Mtu hutundika koti lake juu yake, hata huushika kwa mkono apandapo mlima. Walichokataza ni kuuelemea, yaani kuutwika uzito wote wa mwili. Siku utakapoanguka utaanguka na yule aliyeuelemea. Hivyo ndivyo ilivyo kazi na mshahara. Ni vitu vyema, ni riziki itokayo kwa Mungu. Lakini haviwezi kuubeba moyo wa mtu, kwa sababu moyo wa mtu ni mzito kupita vitu vyote vilivyofanywa. Mungu aliuumba kwa ajili yake mwenyewe, na kwa hiyo hakuna kitu kilicho chini yake kiwezacho kuutosha.

Twataka kuleta mifano miwili, nayo yote ni ya watu wa Afrika waliofika mbali katika utumishi, ili mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya wageni tu.

Wa kwanza ni Augustino. Alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Zamani zile nchi hiyo ilikuwa chini ya Dola ya Roma. Baba yake alikuwa mtu wa baraza la mji, mwenye ardhi kidogo wala si tajiri. Alijinyima ili mwanawe apate elimu, na tajiri mmoja wa mji ule, jina lake Romanianus, akasaidia kwa fedha. Nani kati yetu asiyeijua habari ya namna hii? Wengi tulisomeshwa hivyo hivyo, kwa ng'ombe aliyeuzwa, au kwa mjomba aliyekaa bila shuka mpya ili sisi tupate vitabu.

Kijana akafanya bidii. Akawa mwalimu wa elimu ya usemaji huko Karthago, ambayo siku zile ilikuwa ni njia ya kufikia vyeo vya Serikali. Mwaka 383 alikwenda Roma, akakuta huko wanafunzi waliokuwa na tabia ya kumhama mwalimu wakati wa kulipa ada ulipokaribia. Mwaka 384 mji wa Milano, ambako Kaisari alikaa, ulipeleka ombi Roma kwa liwali wa mji, Symmachus, kutaka mwalimu wa usemaji. Augustino akajaribiwa, akachaguliwa, akasafirishwa kwa gharama ya Serikali. Alikuwa karibu na umri wa miaka thelathini, naye alikuwa amepata kazi ambayo vijana wengi wa Dola nzima waliitamani.

Je, alipumzika? Hata kidogo. Alianza kuhesabu daraja iliyofuata. Alitumaini kupata uliwali wa jimbo kwa msaada wa marafiki wakubwa, na kuoa mke mwenye mali kidogo ili gharama zisimlemee. Kwa ajili ya ndoa hiyo ya heshima, yule mwanamke aliyekaa naye miaka mingi na kumzalia mtoto wa kiume aliondolewa, akarudishwa Afrika, na mtoto akabaki kwa baba. Augustino mwenyewe alikiri baadaye kwamba jambo hilo lilimpasua moyo. Tuliangalie neno hili, wenzetu, kwa kuwa ni zito. Ngazi ya cheo ina bei, na mara nyingi anayeilipa si yule anayeipanda.

Katika kitabu chake cha Maungamo ameeleza siku moja ya maisha yale. Alikuwa amepewa kazi ya kumsifu Kaisari mbele ya watu. Alijua kuwa maneno aliyoyatunga yana uongo mwingi, na alijua kwamba watakaomshangilia nao wanaujua uongo ule. Alipokuwa akipita njiani Milano pamoja na rafiki zake, moyo ukimwaka kwa wasiwasi, alimwona maskini mwombaji aliyekwisha kunywa, akicheka na kufanya mzaha. Augustino akaugua, akawaambia wenzake kwamba taabu yao yote ilikuwa ni kutafuta uchangamfu ambao yule mwombaji amekwisha kuupata kwa sarafu chache za kuombaomba. Hakusema kwamba furaha ya ulevi ni furaha ya kweli. Lakini aliona kwamba mwombaji angeamka kesho ulevi umemtoka, na yeye mwenye cheo alikuwa akilala na kuamka na ulevi wake siku nyingi, yaani ulevi wa kutaka kusifiwa.

Mwaka 386 kifua kilimwuma hata kusema kukawa shida, na katika mwaka huo huo, baada ya mashindano makubwa ya nafsi, alijitoa kwa Mungu. Aliiacha kazi ya Milano. Sikukuu ya Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa na Askofu Ambrosio. Mwaka 388 alirudi Afrika. Mwaka 391 akafanywa padre katika mji wa Hippo, ambao leo ni Annaba, na baadaye akawa askofu wa hapo. Kwa hesabu ya ulimwengu mtu huyu alishuka ngazi: alitoka katika mji wa Kaisari akarudi kuhudumia watu wa bandari. Wala hakuepushwa na misiba. Mama yake alifariki njiani mwaka ule ule wa ubatizo, na mwanawe alikufa akali kijana. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 28 Agosti mwaka 430, hali mji wake umezungukwa na majeshi ya Wavandali. Mwandishi wa habari zake, Possidius, asema kwamba hakuandika wosia wa mali, kwa kuwa hakuwa na mali ya kurithisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tusemavyo sisi makarani. Lakini tazameni, yuko mtu ambaye daftari yake ya mali ilikuwa tupu, na habari zake hazijapotea hata leo.

Mfano wa pili ni mfupi zaidi, nao umo katika Matendo ya Mitume, sura ya nane. Ni habari ya mtu wa Kushi, nchi iliyokuwa kusini ya Misri, katika Sudan ya leo. Mtu huyu alikuwa mtumishi wa Kandake, ambalo ni jina la cheo cha malkia wa nchi ile, naye aliwekwa juu ya hazina yake yote. Kwa maneno yetu tungesema kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa fedha za Serikali. Alikuwa na gari la farasi, alikuwa na chuo cha nabii Isaya, na ruhusa ya kusafiri mpaka Yerusalemu kusali.

Lakini alikuwa towashi. Basi tufikiri maana yake kwetu sisi Waafrika. Mtu mwenye funguo zote za hazina, hana mtoto wa kumwita baba, wala wa kulitaja jina lake atakapokufa. Tena kwa torati ya Musa mtu wa hali yake hakuruhusiwa kuingia katika mkutano wa Bwana. Alisafiri safari ndefu kwenda kumtafuta Mungu, akarudi akisoma asichokielewa. Filipo alipomwuliza kama anayafahamu ayasomayo, mkubwa yule hakuona haya kukiri kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza. Akamkaribisha mtu aliyekuwa akienda kwa miguu apande, aketi pamoja naye. Akahubiriwa habari za Yesu, akabatizwa katika maji yaliyokuwa kando ya njia. Na mwisho wa habari twaambiwa kwamba alikwenda zake akifurahi.

Alikwenda wapi? Hatuambiwi kwamba aliacha kazi. Njia aliyoishika ni ile ya kurudi kwao, kwa Kandake na kwa hazina. Cheo chake kilikuwa kile kile, na utasa wake ulikuwa ule ule. Lakini furaha aliyoipata haikutoka katika cheo, wala haikuzuiwa na utasa. Kwa hiyo, wenzetu, mifano hii miwili yatupa fundisho moja. Augustino aliacha kazi yake, na huyu wa pili hatusikii kwamba aliiacha. Si lazima kila mtu aondoke mezani pake. Lililo lazima ni kwamba moyo uondoke mezani, ukakae kwa Mungu, hata kama mikono imebaki ikiandika.

Sasa twasikia kama kwamba mwanachama mmoja ananong'ona, "Maneno haya ni matamu kwa wenye kutulipa. Tukiisha kuamini kwamba mshahara hauleti heri, si watatuambia tukae kimya na kidogo tulicho nacho?" Swali hili ni la haki, wala hatutaki kulikwepa, kwa kuwa ni kweli kwamba wako watu waliotumia dini kuwanyamazisha wenye njaa.

Twajibu hivi. Haki ni jambo moja, na heri ni jambo jingine. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele mbinguni, na Mungu anausikia. Basi Mungu asikiaye kilio cha mshahara hawezi kupendezwa na mtu aunyimaye. Makarani Waafrika wa Serikali walioanzisha chama chao Tanga mwaka 1922, wakiongozwa na Martin Kayamba, hawakutenda dhambi kwa kukutana na kuyatetea mambo yao. Wala sisi hatutendi dhambi tukiandika maombi kwa adabu na kwa hoja. Mtu apate malipo ya kazi yake, na watoto wake wale na wasome. Kuomba haki hiyo ni wajibu.

Tena twasema zaidi: aliyeielemea kazi kwa moyo wake wote ndiye asiyeweza kuitetea haki. Atawezaje? Akiona kwamba bila kiti chake yeye si kitu, atakubali lolote ili asikipoteze. Atatia sahihi hesabu anayoijua kuwa ni ya uongo. Atamsengenya mwenzake ili aonekane yeye mwema. Atakiacha Chama siku mkubwa atakapomkunjia uso. Lakini mtu ambaye heri yake iko kwa Mungu aweza kusema neno la kweli kwa upole, kwa sababu liko jambo lake moja ambalo hakuna mkubwa awezaye kulifuta kwa kalamu.

Basi mtu atajuaje kwamba ameuelemea mti mkavu? Twaona dalili nne, nasi tumezipata katika nafsi zetu kabla ya kuzitafuta kwa wengine.

Dalili ya kwanza ni uchungu wa baraka ya mwenzetu. Mwenzetu akipandishwa, midomo husema, "Hongera, Bwana," na usiku hatupati usingizi.

Dalili ya pili ni namna tuwapokeavyo watu wadogo. Mzee ametoka mbali na karatasi yake mkononi, amesimama mlangoni tangu asubuhi, nasi twamwambia arudi kesho, si kwa sababu ya kazi nyingi, ila kwa kuwa kumngojesha hutufanya tujione wakubwa. Na palipo na ugonjwa huo, rushwa haiko mbali.

Dalili ya tatu iko nyumbani. Watoto wetu wanakijua cheo chetu, wanaijua hasira yetu, wala hawatujui sisi. Tumewaambia kwamba twahangaika kwa ajili yao, na kumbe miaka yao ya utoto imekwisha tukiwa hatupo.

Dalili ya nne ni hofu ya siku ya kustaafu. Siku ile mtu hukabidhi funguo, hukabidhi muhuri, hukabidhi na kiti. Na kesho yake mwingine amekikalia. Wako wazee wenye nguvu za mwili waliodhoofika upesi baada ya siku hiyo, kwa kuwa walipokabidhi kiti walidhani wamejikabidhi wenyewe.

Mwenye dalili hizi asikate tamaa, bali amrudie Mungu, kwa kuwa Yeye hamfukuzi mtu kwa kuchelewa. Augustino alichelewa mpaka umri wa miaka thelathini na miwili, naye alipokewa. Na kwa kazi za kila siku twashauri mambo machache tu. Siku ya kwanza ya mwezi, kabla ya kuhesabu kilichopungua, tumshukuru Mungu kwa kilichokuja. Tuandike madeni yetu yote katika karatasi moja, tuyaonyeshe wake zetu, tuache kununua heshima kwa mkopo. Mwenzetu akipandishwa, tumtembelee nyumbani kwake. Na mwenzetu akiondolewa kazini, tumtembelee mara mbili. Siku ya Bwana iwe yake kweli, isiwe siku ya kumalizia majalada. Na kila asubuhi, kabla hatujafungua mlango wa ofisi, tukumbuke kwamba yuko Mmoja aliyetupenda hata kutufia tulipokuwa hatuna cheo chochote machoni pake, na kwamba pendo hilo halipandi wala halishuki pamoja na daraja letu.

Tulioyasema hatuyasemi kama watu waliokwisha kufika. Tungali njiani, na siku nyingine twajikuta tena tumeegemea pale pale. Lakini twajua sasa mti upi ni mkavu. Basi barua ikija, na tuipokee kwa shukrani, na kuku achinjwe, na majirani waitwe. Ila tusiandike ndani yake neno lisilokuwamo. Na barua isipokuja, tutalia kidogo, kisha tutakwenda kazini kesho na kumpokea yule mzee mwenye karatasi yake. Maana heri yetu haikuwamo katika bahasha ile tangu mwanzo.